Mgonjwa Asiyeulizwa

Iko nchi moja, jina lake tuliache hukohuko liliko, maana majina ya nchi yana masikio. Watu wa nchi hiyo walikuwa wapole kupita kiasi. Ukimkanyaga mtu mguu sokoni, yeye aliyekanyagwa ndiye aliyeomba radhi, kisha akageuka nyuma kuona ni nani aliyemsikia. Si upole waliozaliwa nao. Walifundishwa na Sheria ya Kauli.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeishika, na watoto ndio walioishika kwanza. Mkuu wa nchi, aliyeitwa Mlezi, hakutajwa kwa maneno wanayotajiwa watu. Watu hula, Mlezi hukikirimu chakula. Watu hukaa, Mlezi hukipa kiti cheo. Watu hutembea, Mlezi huibariki ardhi. Akilala, amelipumzisha taifa. Akipiga chafya, ameikumbusha nchi. Na wewe mwananchi, ukijitaja mwenyewe, ulitakiwa ushuke hadi chini kabisa: huji, unajikokota, husemi, unabwabwaja, huli, unabugia, hulali, unajibwaga. Sokoni ungemsikia mama mtu mzima akimwambia muuza mboga, "Nimejikokota kukodolea macho bamia zako," na muuza mboga akajibu, "Zimejiotea ovyo tu, mama, kama mimi mwenyewe nilivyojiotea."

Asiyejua kushuka alipelekwa Shule ya Ulimi. Wengine walirudi kutoka huko wakiwa wapole zaidi. Wengine hawakurudi, na ilisemekana wamenogewa na masomo.

Shamte, mume wa Mwajabu, alikuwa mmoja wa hao walionogewa.

Shamte alikuwa fundi wa matairi, kibanda chake kando ya barabara kuu. Masika moja msafara wa Mlezi ulipita hapo, na gari lake kubwa likaingia kwenye tope. Watu wote wakasimama wakitabasamu. Hapakuwa na neno la juu la kukwama, na jambo lisilo na neno huwa halijatokea. Gurudumu likazidi kuzama, watu wakazidi kutabasamu, walinzi nao wakapiga saluti huku maji yakiingia kwenye viatu. Sasa Shamte, ambaye maisha yake yote gari likizama hakujua cha kufanya isipokuwa kimoja, akapaza sauti: "Jamani sukumeni, Mlezi amekwama."

Gari likatoka. Shamte akaingia.

Tangu siku hiyo Mwajabu aliishi kama mtu aliyemeza mfupa. Jirani akimsalimu, alifikiri kwanza, akajibu baadaye. Hata kuku akaacha kuwaita, asije akakosea neno. Akawa anamwaga pumba kimya kimya, na kuku wenyewe wakaanza kula wakitazama huku na huku.

Na kilichomla zaidi rohoni ni kwamba sheria ile alikuwa ameiona ikizaliwa. Ujanani serikali ilimpeleka Japani kusomea mambo ya mpunga, akakaa huko hadi lugha yao ikamkaa mdomoni. Mlezi alipofunga safari ya kwenda kuwatembelea Wajapani, Mwajabu alichukuliwa awe mkalimani. Huko mwenyeji mmoja akawakaribisha chakula, na Mlezi akataka kujua kwa nini neno la kula limebadilika alipotajwa yeye.

"Ndivyo walivyo wenzetu hawa," Mwajabu alimweleza. "Wewe mgeni ukila, wanasema *meshiagaru*. Mwenyeji akila yeye, anasema *itadaku*. Mtu akimtaja mwenzake humpandisha, akijitaja mwenyewe hujishusha."

Mlezi akapendezwa. "Na mkubwa wao, akijitaja?"

"Naye hujishusha, Mlezi. Mbele ya mgeni wote hujishusha."

Mlezi akatafuna kwa muda. Kisha akasema, "Hapo umekosea tafsiri."

Basi nusu ile ya heshima ikapanda ndege ikaja nyumbani, na nusu nyingine ikabaki kulekule mezani pamoja na mabakuli.

*

Ikatokea Mlezi akashikwa na tumbo. Nasema hivyo kwa kuwa niko mbali. Pale Ikulu haikusemwa hivyo. Daktari wa kwanza aliinama, akambonyeza upande wa kulia, akauliza, "Inauma hapa?" Hajaonekana tena. Wa pili alijifunza kwa wa kwanza. Alimtazama mgonjwa kwa heshima kubwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, akatoka akasema tumbo la Mlezi linatafakari. Wa tatu alipoitwa, mkewe alisema amesafiri, na sauti ya kusema amesafiri ilikuwa nzito kama ya mwanamume aliyejifunga kanga.

Mwishowe Katibu wa Kauli, Bwana Mwinyipembe, akatoa shauri aletwe mpasuaji kutoka Japani. Watu wenye maneno ya heshima, alisema, watajua hata namna ya kukata kwa heshima.

Akaenda mwenyewe kumchukua Mwajabu. Bwana Mwinyipembe hakuwa mtu wa kufoka. Alivua kofia mlangoni, akakataa kiti, akaongea kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Mwajabu, binti yangu. Shamte anakusalimu sana. Anaendelea na masomo. Mwalimu wake anasema ulimi wake mgumu kidogo, lakini wanaulainisha."

Mwajabu akashika fremu ya mlango. "Wanaulainishaje, Bwana Katibu?"

"Taratibu. Sasa anakuja daktari mgeni, na wewe utakuwa mdomo wake. Mlezi akitoka salama bila neno la chini kumgusa sikio, nitamwombea Shamte likizo. Ndefu. Na likimgusa…" Akavaa kofia yake. "Si unajua shule ile inapokea na wanawake."

*

Daktari Onodera alikuwa mzee mdogo wa umbo, nywele nyeupe pepe, viatu akivivua kila mlango hadi walinzi wakachoka kumvalisha. Alifanya kazi yake vizuri. Alipasua, akatoa kidole-tumbo kilichokuwa kimeoza, akashona. Jioni redio ikatangaza kwamba Mlezi ameachana na kiungo kimoja kilichokosa uaminifu, na kwamba viungo vilivyobaki vimetuma salamu za kuunga mkono.

Lililowasumbua wakubwa ni mdomo wa huyu mgeni. Kila mtu alimpandisha. Alimpandisha mlinzi, alimpandisha dereva. Asubuhi yake, akienda chumbani kwa mgonjwa, akamkuta Bi Tabu, mama wa usafi, anapiga deki ukumbini. Onodera akasimama, akainama mpaka paji la uso likakaribia ndoo, akasema maneno.

"Anasemaje?" Bwana Mwinyipembe akauliza.

Mwajabu akatafsiri kwa sauti ndogo. "Anasema anaomba asamehewe kwa utovu wa adabu wa kupita mbele ya Bi Tabu, ambaye ameridhia kufanya kazi kubwa asubuhi yote hii."

Nyuma ya Katibu alikuwa anasimama Msikilizaji, afisa ambaye kazi yake ilikuwa masikio tu; hakusema wala hakuandika, aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikia mwewe. Sasa akakiinamisha.

Bi Tabu akauacha ufagio wa deki ukaanguka. Akamvuta Mwajabu upindo wa nguo. "Mwanangu, mkataze mgeni wako. Ataniponza. Mimi na kuridhia wapi na wapi? Mimi nimejibandua tu nyumbani nikajikokota kuja kupakaza maji. Waambie hivyo. Sema nimepakaza."

"Amepakaza," Mwajabu akamwambia Msikilizaji. "Anasema amepakaza maji tu."

Kichwa kikarudi mahali pake, lakini polepole.

Basi wakaingia kwa mgonjwa. Onodera akatazama kidonda, akapima joto, akafurahi. Kisha akageuka kwa Mwajabu na kumweleza kwa upole jambo la mwisho. Mtu aliyepasuliwa tumbo, alisema, matumbo yake hulala. Yakiamka hutoa upepo. Upepo ukitoka, mgonjwa ale. Usipotoka, asile hata punje, maana chakula kitasimama njiani, na utumbo utavimba, na mtu atakufa. Kwa hiyo tafadhali amuulize mgonjwa mheshimiwa kama upepo umeshatoka.

Mwajabu akatoka hadi ukumbini akamweleza Katibu. Bwana Mwinyipembe akasikiliza hadi mwisho, akachukua leso akajifuta shingo.

"Hakuna neno," akasema.

"Najua, Bwana Katibu."

"Kwa watu lipo. Kwa Mlezi halipo, kwa sababu yeye hajawahi."

"Lakini daktari anataka kujua."

"Basi neno litengenezwe."

Kamati ya Maneno ikaitwa, ikapangiwa viti hapohapo ukumbini, chai ikaja na mandazi. Walikuwa watu wazima wenye miwani, na wote walikuwa na hofu, hivyo waliongea sana. Mmoja akapendekeza iulizwe kama Mlezi *amehutubia kwa kificho*. Likakataliwa, maana Mlezi hana la kuficha. Mwingine akaleta *kulegeza masharti*.

"Hilo ni hatari," akasema mwenzake. "Ukiuliza kama amelegeza, maana yake aliyabana."

"Tuseme *ameachia uhuru*."

"Kwani uhuru ulikuwa wapi? Ndani?"

Watu wakatazama vikombe vyao. Hapo mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa kimya, akauliza swali lililowakausha wote mandazi mdomoni. "Na akijibu bado? 'Bado' ni neno la watu wanaosubiri. Mlezi anamsubiri nani?"

*

Kamati ikiwa bado inatafuna swali hilo, sauti ikatoka chumbani. Ilikuwa nyembamba kuliko ile ya redioni, ila maneno yalikuwa yaleyale.

"Mlezi yuko tayari kukikirimu chakula. Pilau ya mbuzi."

Onodera akaelewa neno pilau. Akatikisa mikono yote miwili. Mwajabu akasukumwa ndani na Bwana Mwinyipembe, ambaye alimnong'oneza, "Mkatalie, lakini usiseme hapana. Katika maneno ya juu hakuna hapana."

Mwajabu akasimama mbele ya kitanda. Akatafuta njia, na akaiona ndogo. "Daktari anasema, Mlezi, kwamba chakula kina hamu ya kukirimiwa, ila hakijastahili."

Mlezi akafikiri. "Hakijastahili? Mpishi ni nani?"

Mpishi alikuwa mtu mmoja anaitwa Farjala, mnene, mcheshi, mwenye mikono inayonukia bizari. Walimchukua jikoni akiwa bado na mwiko. Alipopitishwa ukumbini alimwona Mwajabu, akamuuliza tu, kama mtu anayetaka kujua habari, "Nilizidisha chumvi?"



Adhuhuri sauti ikatoka tena. Mlezi yuko tayari. Mwajabu akaingia, akasema daktari anaona saa ya chakula bado haijachomoza kwa utukufu wake kamili. Mlezi akatazama saa ya ukutani. Mtu aliyekuwa akiitia funguo saa ile, kijana wa kiume aliyeoa juzi tu, akaenda kumfuata Farjala.

Hapo ndipo Mwajabu alipoona kitu ambacho afadhali asingekiona. Kila neno tamu alilolitoa lilikuwa na mtu ndani yake. Analitamka laini, linateremka vizuri sikioni mwa mkubwa, kisha linatoka mlango wa nyuma limemshika mtu mkono. Akaegemea ukuta wa ukumbi, akawa anahesabu, si siku wala hatua, anahesabu watu waliobaki karibu naye.

Mara ya tatu sauti ilipotoka, ilikuwa na hasira ya njaa. Onodera akasimama mbele ya mlango kwa miguu mitupu, amenyoosha mikono, akisema maneno yake ya adabu mfululizo. Bwana Mwinyipembe hakuwa anafuta tena jasho, aliliacha litiririke.

"Nimepata," akamwambia Mwajabu. "Mwambie sakafu. Sema sakafu haijatakata kiasi cha Mlezi kukirimu chakula juu yake. Hilo halimgusi mtu."

Bi Tabu alikuwa pale pale, ameshika ndoo. Hakumvuta nguo Mwajabu, hakulia. Aliweka tu ndoo chini taratibu, akafungua mikunjo ya mikono ya gauni lake, akaanza kuifunga vifungo, kama mtu anayejiweka sawa kwa safari.

Mwajabu akaingia. Bwana Mwinyipembe akaingia nyuma yake, na Msikilizaji nyuma ya Katibu, na mlinzi nyuma ya Msikilizaji. Mlezi alikuwa amelalia mto, uso umempwaya, midomo mikavu. Mwajabu akafungua mdomo kwa ajili ya sakafu. Sakafu haikutoka. Kilichotoka ni lile neno ambalo mama yake alilitumia kwa watoto wake wote, wakiumwa tumbo, amewalaza mapajani.

"Baba," akasema, "umejamba?"

Ukasikika mdundo: mlinzi ameangusha bunduki yake. Bwana Mwinyipembe alishika ukuta. Mwajabu alifumba macho, akamuaga Shamte moyoni, akangoja.

"Bado," ikasema sauti kitandani.

Akafumbua macho. Mlezi alikuwa anamtazama, na hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni katikati ya umati.

"Ndiyo maana mnaninyima chakula?"

"Ndiyo, baba."

"Na nikila?"

"Utumbo utavimba. Utakufa."

Mlezi akavuta shuka hadi kidevuni. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hakukuwa na neno la kukuambia."

Dirishani bendera ilikuwa inapigwa na upepo, na wote wakawa wanaisikiliza. Kisha Mlezi akasema kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi: "Naogopa."

Mwajabu akasogea karibu, akamgusa mguu juu ya shuka. Hakupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Na kwa kuwa alikuwa ameshapotea, akaona aseme na lililobaki. "Mume wangu yuko Shule ya Ulimi. Gari lako liliingia topeni, akawaambia watu umekwama."

"Nilikwama kweli," Mlezi akasema. "Nilikuwa ndani, nikawa najiuliza hawa wanatabasamu nini." Akameza mate kwa shida. "Nitamtoa. Nikipona, nitamtoa mumeo."

Mwajabu akageuka ili kila mtu aseme amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Msikilizaji kichwa chake kilikuwa kimelala begani kabisa.

*

Sasa Sheria ya Kauli ilikuwa na kifungu kimoja kidogo. Anayesikia neno la chini juu ya Mlezi bila kulifikisha ofisini kabla jua halijazama, yeye ndiye amelisema.

Jua lilikuwa juu ya paa la ghala la jirani. Walitoka chumbani mmoja mmoja bila kutazamana. Mlinzi akasema anakwenda kunywa maji. Msikilizaji akaenda bila kuaga. Bwana Mwinyipembe alibaki amesimama ukumbini, na Mwajabu aliona kwa mara ya kwanza jinsi mtu mpole anavyoogopa: hatetemeki, ila anakuwa mwepesi, kama nguo iliyoanikwa.

"Mlezi ameogopa," akajisemea. "Mlezi amekwama. Maneno ya chini, na aliyetajwa ni Mlezi. Nani kayasema? Mlezi. Akamatwe Mlezi? Nani amkamate? Nisipomkamata nimeyasema mimi." Akawageukia wanakamati, ambao chai yao ilikuwa imeshapoa. "Nisaidieni, waheshimiwa."

Wakainamisha vichwa. Na kwa kuwa kila mmoja aliyekuwa hapo alikuwa amesikia kupitia mlango, kila mmoja alikuwa na shingo yake mwenyewe ya kuifikiria. Shingo nyingi zikifikiria kwa pamoja hufika haraka. Yule mzee wa swali la "bado" ndiye aliyelitamka.

"Mlezi hajaogopa tangu azaliwe. Huyu anaogopa. Basi huyu siye."

Ungeona nyuso zilivyofunguka. Kama huyu siye, basi hakuna aliyemsikia Mlezi akishushwa. Hakuna aliyenyamaza. Hakuna kosa. Tulidanganywa na mtu aliyefanana, jamani, na Mlezi wa kweli ni yule wa kwenye picha ya ukutani, anayetabasamu, asiyewahi kuomba chakula.

Wakarudi chumbani wote. Mtu wa kitandani alipowaona, aliinuka kwa kiwiko. "Mimi ndiye Mlezi," akasema.

"Mlezi hasemi 'mimi ndiye,'" akajibu Bwana Mwinyipembe kwa upole. "Mlezi huchomoza." Kisha akamgeukia Mwajabu. "Mkalimani. Wewe ulisafiri naye. Tuambie kwa neno moja. Huyu ni nani?"

Macho ya mgonjwa yakamshika. Dunia nzima ni huyu pekee aliyesema atamtoa Shamte. Akisema ndiye, amekiri kwamba alimuuliza Mlezi swali lile, na kesho hatakuwa na ulimi wa kukalimania hata kuku. Akisema siye, ahadi ya Shamte inakufa hapohapo. Mwajabu alitafuta neno lisilo na mtu ndani yake.

"Ni mgonjwa," akasema.

Bwana Mwinyipembe akapiga makofi polepole. "Mmesikia. Mgonjwa. Na Mlezi hajawahi kuugua."

Hivyo ndivyo walivyomchukua, na kitanda chake chenye magurudumu. Onodera hakuelewa kinachosemwa, lakini alielewa kitanda kinakwenda. Akavaa viatu kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa, akainama kwa Katibu, akasema kwamba yeye mtu duni anaomba kumfuata mgonjwa, kwa kuwa upepo haujatoka. Mkalimani huenda aliko mgeni. Mwajabu akatoka nyuma yao. Alipopita, Bi Tabu alikuwa ameshaokota ndoo yake, anapiga deki sehemu ileile iliyokwisha takata, haraka haraka, bila kuinua uso.

*

Shule ya Ulimi ilikuwa ghala la pamba la zamani. Ndani watu wazima walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika mabegani, wakiimba pamoja: "Mlezi hukipa kiti cheo, mimi najibwaga." Mwalimu alikuwa na fimbo nyembamba, na hakuitumia, aliishika tu.

Wakaunganisha madawati mawili, wakamlaza mgonjwa. Farjala mpishi alikuwa mstari wa mbele. Akamtazama sana.

"Mwalimu, huyu anafanana na…"

"Hafanani," akasema mwalimu.

"Ni kweli," akasema Farjala. "Hafanani hata kidogo. Sijui nilimkodolea macho gani."

Somo likaendelea. Mgonjwa akaomba chakula, na kwa kuwa sasa hakuwa tena mkubwa, mwalimu akamwambia hapana. Akaomba tena, akaambiwa hapana, tena kwa ukali. Alikuwa hajapewa neno hilo miaka mingi. Akalala nalo ametulia, kama mtu aliyewekewa kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Angebaki Mlezi, saa hiyo angekuwa ameshakula pilau, na redio ingekuwa inatafuta namna ya kuliita kaburi.

Walipofika kwenye "mimi nabwabwaja," likatokea. Halikuwa kubwa, lakini ghala lina mwangwi. Darasa zima likakatika katikati ya neno. Mwalimu akainua fimbo, akaishusha. Watu wakawa hawapumui, kila mmoja anatafuta kichwani neno la juu, hadi mmoja wao alipokumbuka kwamba halihitajiki.

Onodera akainama kitandani, uso wote unacheka.

"Amejamba," Mwajabu akatafsiri kwa sauti ya kawaida, ya nyumbani. "Daktari anasema sasa anaweza kula."

Kijana wa saa akaziba mdomo. Farjala akatetemeka mabega, kisha tumbo, na kicheko kikapita madawatini chini chini, bila sauti, kama panya kwenye magunia. Wakamletea mgonjwa uji wa shule. Akaunywa akilia, na hakuna aliyeuliza kama ni utamu au ni nini.

Mwajabu akatembea katikati ya mistari akitazama nyuso. Alimkuta Shamte dawati la mwisho, chini ya picha ile inayotabasamu. Amekuwa mwembamba, nywele zimenyolewa. Mikono ya tairi imekuwa laini, na ameipanga juu ya dawati kama vijiko.

"Shamte."

Akasimama, akamwinamia. "Umefika mahali hapa, mama mgeni," akasema, "nami niliyejibwaga nakukodolea macho." Alisema bila kukosea hata neno moja, macho yake yamemtoboa Mwajabu yakaenda ukutani.

Hofu yote ya miezi ile ilikuwa si kitu mbele ya hofu hii. Mwajabu akamkalisha, naye akakaa kwenye dawati dogo, pembeni yake, bega kwa bega. Akamshika tu kidole, kile cha shahada chenye kovu la rimu ya gari, akakishika hapo.

Mstari wa mbele walikuwa wanaanza tena kuimba. Nje ya dirisha redio ilikuwa inasema Mlezi ameamka kwa afya njema na ameibariki ardhi ya bustani mchana kutwa.

Shamte akatazama mlango. Akamtazama mwalimu. Akamtazama mkewe, safari hii akasimama usoni pake hasa, akawa anachezesha midomo bila sauti, kama mtu anayeonja uji wa moto kwa ukingo wa mdomo.

"Umekonda, Mwajabu," akasema.

Nyuma yao mtu aliyekuwa anaimba alinyamaza. Wote wawili wakakaa wima, mikono juu ya dawati, wakasikiliza kama kuna atakayeinuka kwenda kusema.